Sufuria ya Sombe na Mji Niliouchagua

Jumapili, Desemba. Yeoville, Johannesburg.

Asubuhi jua lilikuwa kali mpaka lami ya barabara yetu ikanuka. Sasa ni alasiri, na mvua ya mawe inapiga mabati ya gereji iliyo nyuma ya jengo letu. Mdogo wangu Amani amesimama dirishani akihesabu mawe yanayoangukia kizingitini. Kila akifika kumi anaanza upya, kwa sababu Zawadi, mdogo wake, anamsukuma ili na yeye aone.

Leo nimemkatiza Papa maneno mezani. Mbele ya mgeni.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaisoma tena. Mimi si mtu wa kusema. Mwalimu wetu wa jiografia aliniita Faith mwaka wote wa matriki, mwaka wa mwisho wa sekondari, nami nikaitika mwaka wote. Sikuwa namwogopa. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri wa kumwambia kwamba naitwa Furaha, wakati huo haukufika, na sasa shule imekwisha.

Hapa naandika Kiswahili kwa sababu hakuna hata mmoja wa darasa langu anayeweza kukisoma. Nyumbani tunazungumza Kiswahili cha Uvira, kule Kongo, chenye Kifaransa ndani yake na siku hizi Kizulu kidogo. Hiki cha kuandika nilifundishwa na Bi Salma, anayesuka nywele saluni kwa Mama. Ametoka Tanga, na hawezi kuliacha kosa likapita. Hata kama ana kichwa cha mteja mkononi, atageuka anisahihishe.

Basi nieleze tangu mwanzo, maana nataka nikumbuke vizuri jinsi ilivyokuwa.

Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho, Papa alizima cherehani. Papa ni fundi nguo, na Desemba kila mtu anataka nguo ya Krismasi, kwa hiyo cherehani yake haizimwi ovyo. Alinitazama, akasema, "Wewe umemaliza shule. Safari hii tunaenda baharini siku nyingi, si kwenda na kurudi. Chagua mji. Pale utasema, pale tutaenda."

Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo. Katika nyumba yetu mimi nachagua nyanya zipi zimeiva na ndoo ipi ijazwe kwanza maji yanapotoka. Sijawahi kuchagua mji.

Nikaanza kutafuta kwenye simu. Kwa wiki nzima nilitembea pwani yote ya nchi hii nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu, ambako mtandao unashika vizuri. Nilisoma wageni wanavyosifu na wanavyolalamika. Wengi hulalamika kuhusu mambo ambayo sisi hatungeyaona: taulo nyembamba, kahawa baridi. Mimi nilikuwa natafuta jambo moja, na halikuwa kwenye picha nyingi.

Amani, ambaye ana miaka sita, alisema mji wowote ni sawa mradi kuna treni. Zawadi ana mitatu. Aliniuliza swali ambalo Mama alilirudia kwa kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake.

"Dada, kule baharini maji iko? Haikatwi?"

Nilimwambia kule maji hayakatwi. Hakuniamini. Mtoto aliyezaliwa Yeoville anajua mabomba.

Sasa lazima nieleze habari ya sufuria.

Miaka miwili iliyopita tulikwenda Durban na watu wa kanisa, kwa basi. Tulifika asubuhi na kuondoka jioni. Kila mtu tunayemjua huenda Durban. Huko unakutana na majirani zako wote, isipokuwa wamevua viatu. Papa alichagua mahali pazuri karibu kabisa na maji, mchanga mkavu, akatandika kitenge, akasimamisha mwavuli, akaweka sufuria ya sombe aliyopika Mama, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani kwao ambao hufika hapa wakiwa wamekaushwa. Kisha akavua shati, akaingia majini, akaogelea mpaka kichwa chake kikawa kama kitufe.

Papa amekulia kando ya ziwa Tanganyika. Kwa mtu wa Uvira, ukingo wa maji hauhami. Mahali maji yalipo asubuhi ndipo yatakapokuwa jioni, labda upepo uvume. Siku ile hapakuwa na upepo. Kwa hiyo Papa hakuwa mzembe. Alifanya kila kitu vizuri, kama ambavyo angefanya kwao.

Maji yakapanda, yakachukua sufuria.

Watu wa kanisa waliiona ikielea, mfuniko ukiwa bado umefungwa kwa kitambaa, ikienda zake polepole. Vijana wakaikimbilia, ikazama. Tangu siku hiyo kila harusi, kila msiba, lazima mtu asimulie jinsi bahari ilivyokula sombe ya Papa Furaha. Papa mwenyewe huisimulia vizuri kuliko wote. Huiga sufuria kwa mikono.

Hiyo ndiyo habari wanayoijua watu.

Ambalo hawalijui ni kwamba Zawadi alikuwa amelala juu ya kitenge kile. Alikuwa na mwaka mmoja. Mama alikuwa amekwenda kumsafisha Amani mchanga, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma kidogo nikilinda mabegi, kama kawaida yangu. Wimbi la kwanza lilikuja kimya. Lilipita chini ya kitenge, likakiinua, na kitenge kikaanza kurudi nalo, na mtoto juu yake, amelala bado. Nilikimbia nikamshika mguu. Mguu tu. Povu lilikuwa limemfika kifuani. Aliamka akalia, Mama akaja mbio, tukamkausha kwa gauni la Mama.

Papa alikuwa mbali majini. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake, anapumua kwa nguvu, nywele zimemlala. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama alinishika mkono akaninong'oneza, "Usimwambie. Muache afurahi leo."

Leo hiyo imechukua miaka miwili.

Nilipoanza kutafuta mji, nilimuuliza Bi Salma kwa nini bahari ilifanya vile. Alicheka mpaka akaacha nywele za mteja katikati. "Mwanangu, kwani ninyi mlidhani bahari imelala?" Kisha akanipa maneno mawili ambayo kwetu hatuna, kwa sababu ziwa halikuyahitaji: maji kupwa, maji kujaa. Alisema kwao hata mtoto wa umri wa Zawadi akienda ufukweni husikia watu wakiulizana maji yakoje. Nilienda kusoma zaidi kwenye simu. Ni kweli. Kila siku yanatoka na kurudi, na saa zake zinajulikana mapema. Kila siku! Na sisi tulikaa pale na sufuria.

Ndipo nikaupata mji wangu.

Unaitwa Scottburgh, uko kusini ya Durban. Si mkubwa. Kuna nyasi zinazoteremka mpaka karibu na mchanga, mahali mtu anaweza kukaa na watoto bila kuwa na hofu. Kuna treni ndogo ya watoto, nikasikia sauti ya Amani kichwani. Na kando ya bahari kuna bwawa. Wamezungushia maji ukuta wa mawe na saruji, bahari inalijaza yenyewe, na ndani maji yanatulia. Nililitazama kwenye picha siku tatu kabla sijamwambia mtu. Nilikuwa naona aibu kulipenda hivyo.

Leo baada ya ibada, Tonton Bosco alikuja kula. Tonton ni mjomba kwa Kifaransa; si ndugu yetu wa damu, lakini alitoka Uvira pamoja na Papa, na hakuna anayethubutu kusema si ndugu. Yeye ndiye anayepanga basi la kanisa. Mama alipika ugali na samaki. Nilikuwa nimejiandaa. Simu ilikuwa mfukoni, picha iko wazi tayari.

"Basi inaondoka kisha Krismasi," Tonton alisema kabla hajanawa. "Nimewawekea viti tano, mbele, pale hakuna kutapika."

"Furaha anatafuta mji," Papa akasema.

"Mutoto anatafuta mji? Na mji inapotea wapi? Durban iko palepale!" Akanigeukia. "Mama mukubwa, unatupeleka wapi? Ulaya?"

Nilifungua mdomo. Nikaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Papa akacheka, si kwa ubaya. "Ilikuwa kumupa heshima tu. Tutaenda na wengine."

Nataka niwe mkweli hapa, maana ni shajara yangu. Kwa dakika hiyo nilikubali. Nilijiambia, sawa, Furaha, utalinda mabegi, utamfunga Zawadi kwa kitenge kiunoni mwako siku nzima, hakuna atakayejua ulitaka kitu kingine. Nimeitika Faith mwaka mzima. Hili nalo ningeliweza.

Kisha Papa akaweka mkono juu ya kichwa cha Amani.

"Na huyu, mwaka huu anajua kuogelea. Namubeba kwa mugongo mpaka ndani, kisha namuachilia. Vile baba yangu alinifanya. Unameza maji kidogo, unalia kidogo, unaogelea."

Amani aliuliza kwa Kiingereza kama kutakuwa na kina.

"Kina ndiyo inafundisha," Papa akajibu.

Tonton alipiga meza. "Lakini sufuria, mufunge kamba safari hii!" Akaanza: namna ilivyoelea, namna mama mchungaji alivyopiga kelele 'chakula, chakula!' wakati wengine wakiangalia watoto wao, namna samaki wa Durban walivyoonja ndakala wakajua kumbe walikuwa hawajala maisha yao yote. Papa alisimama kuiga sufuria. Watoto walikuwa wanacheka. Zawadi alicheka kuliko wote, mdomo umejaa ugali.

Niliutazama mguu wake ukining'inia kwenye kiti.

"Zawadi alikuwa juu ya kitenge kile," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Papa alikuwa katikati ya kuelea, mikono hewani.

"Nini?"

"Alikuwa amelala. Maji yalimchukua kabla ya sufuria. Nilimshika mguu."

Tonton alianza kucheka tena, akaacha. Papa alimtazama Mama. Mama hakuinua macho. Alikuwa anafuta mahali palepale mezani kwa kitambaa, palipokuwa safi.

"Ni kweli," Mama akasema.

"Na hamukuniambia?"

"Ulitoka kwa maji unacheka, Papa Furaha. Tangu tutoke Uvira sikukuona unacheka vile. Ningekwambia nini?"

Papa alishusha mikono. Akaenda dirishani, akatupa mgongo. Chini pale roboti la kuongozea magari lilikuwa limezimika tena na magari yanapigiana honi, na yeye akayatazama kama mtu aliyepewa kazi ya kuyatazama. Tonton Bosco alisema tu, "Eish," taratibu.

Nilidhani nimevunja kitu. Nilidhani nimechukua habari pekee ya kuchekesha tuliyokuwa nayo katika nchi hii nikaivunja mezani mbele ya mgeni.

Kisha Papa akauliza, bado amegeuka, "Maji ilipanda namna gani? Upepo haikuwa."

"Haihitaji upepo, Papa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Inatoka, inarudi. Saa zake zinajulikana."

Nikatoa simu. Nilitembea mpaka dirishani, nikamwonyesha nyumba ya kupanga niliyoipata Scottburgh, kisha bwawa. Sikuwa nimepanga maneno niliyosema. Nilisema, "Papa, wamezungushia bahari mawe. Ndani yake ukingo hauhami. Ni kama ziwa. Unaweza kumfundisha Amani humo, na mimi nitakuwa naona."

Tonton aliinuka akachungulia juu ya bega la Papa. "Hiyo? Hiyo ni ya bata! Mutoto wa Uvira anaoga pamoja na bata?"

Papa alinyoosha mkono. Alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Alitazama ukuta wa mawe, pande zote. Alitazama mahali bahari inapogonga kwa nje, jinsi povu lilivyo jeupe kule na maji yalivyo ya kijani huku.

"Maji ikijaa inapita juu ya hii mawe?"

"Wakati mwingine. Ndiyo maana lazima tujue saa. Na tuwaulize waokoaji."

"Bosco," Papa akasema, "vile viti, uwape wengine."

"Vyote tano?"

"Vyote. Gari yako utatukodisha?"

"Nitawakodisha?" Tonton akashika kifua. "Sasa mimi ni mutu wa kukodisha gari? Chukueni! Na nikimaliza kupeleka wakristo Durban nitakuja mimi mwenyewe kuona hao bata."

Papa akanirudishia simu. "Utapiga wewe kwa mwenye nyumba. Wewe umechagua, wewe utasema. Na umuulize maji yake inapanda saa ngapi."

Ningependa kusema nilifurahi hapohapo. Nilichowaza ni ile simu. Hakuna kitu nakiogopa kama kumpigia simu mtu nisiyemjua, kwa Kiingereza, akasema "Nani?" na mimi nikasahau mimi ni nani. Namshukuru Mungu leo ni Jumapili, ofisi yake imefungwa.

Mvua ilipoanza Tonton alikimbilia gari lake, gazeti kichwani, akipiga kelele kwamba mawe ya Johannesburg ni mabaya kuliko mawimbi. Mama aliosha vyombo, mimi nikakausha. Tukafika sahani ya mwisho. Kisha alinibana bega kwa mkono wenye povu, akasema, "Hata mimi nilichoka kuicheka ile habari." Basi.

Nilidhani Papa amelala. Lakini nikasikia cherehani.

Alikuwa amefungua mfuko wa vipande, akatoa kitambaa cha rangi ya chungwa kilichobaki kwenye sare za kwaya ya vijana, chepesi, kikali kama koni za barabarani. Alikuwa amemaliza kaptula ndogo ya Amani. Ya Zawadi ilikuwa chini ya sindano. Sikuuliza kwa nini rangi hiyo. Mtu angeiona akiwa upande wa pili wa bwawa, na hata mbali zaidi.

Bila kugeuka akasema, "Simama hapo."

"Mimi, Papa?"

Alivuta tepu ya kupimia kutoka shingoni. Papa hajanipima tangu nilipokuwa darasa la saba. Akapima bega, akapima mkono, akaandika kwa chaki juu ya meza kama anavyoandika vipimo vya wateja.

"Siku ile ulikaa na mabegi," akasema.

"Ndiyo."

"Mabegi hayaogelei." Akakunja tepu. "Utaingia na wewe. Nitakushika. Sitakuachilia mpaka useme."

Nilijibu sawa, nikaenda chumbani, na hapa ndipo nilipo, na mvua inapungua, na cherehani bado inakwenda. Zawadi amekuja kuniuliza tena kama kweli maji hayakatwi kule. Nimemwambia yanatoka, lakini yanarudi. Jibu hilo amelikubali, maana hata hapa mabomba hufanya hivyo.

Kesho asubuhi, ofisi zikifunguliwa, nitapiga simu. Sitajifungia bafuni. Nitakaa mezani, pale nilipokuwa leo. Nitasema tuko watano, wawili wadogo. Nitauliza maji yanajaa saa ngapi, na kama kutoka kwenye nyumba mtu anaweza kutembea na watoto mpaka bwawani. Mwenye nyumba akiuliza anazungumza na nani, nitamwambia Furaha.

Akisikia Faith, nitarudia.